Duka Lako la Mtandaoni: Chanuka Kabla Hujalipia Domeini na Hostingi

Wiki ya mwisho ya Ramadhani 2024, saa tano usiku, simu ikalia. Ni habaryar wangu, mama mdogo, anayeuza dirac, uunsi na samli kutoka Griftu, kule Wajir West. Si unajua kwetu habaryar anakuita pia habaryar.

"Habaryar," akaniuliza, "duka langu liko wapi?"

Nikafungua linki. Badala ya picha za dirac, nikapata ukurasa mweupe umejaa matangazo ya vitu hata sivielewi. Websaiti niliyomjengea ilikuwa imepotea. Na aliyeipoteza ni mimi.

Iko hivi. Domeini niliiandikisha na imeili ya chuo. Baadaye nikaacha chuo, imeili ikafungwa, na zile mesej zote za "lipa, tarehe inakaribia" zikaendelea kuingia kwa akaunti ambayo siwezi kuifungua tena. Muda ukaisha, domeini ikazimwa. Yaani wiki ile ambayo wamama wa Isli mpaka Minneapolis wanatafuta nguo za Idd, duka letu lilikuwa limefungwa. Mzigo aliochukua kwa mkopo ulibaki kwa begi mpaka baada ya sikukuu.

Kwa hivyo, kama unapanga kufungua duka la mtandaoni, soma hii polepole. Mimi nishakulipia karo.

Unanunua vitu vitatu, sio kimoja

Wasee wengi hulipia "websaiti" wakidhani ni kitu kimoja. Fikiria soko la Griftu. Jina kwenye ubao wa duka, lile watu huulizia, hiyo ndio domeini. Chumba unachokodi kuweka mali, hiyo ndio hostingi: nafasi kwa kompyuta inayowaka saa 24, inaitwa seva. Rafu, kaunta na mahali pa kulipia, hiyo ndio programu ya kujenga websaiti, kama WordPress, Wix ama Shopify.

Chumba unaweza kuhama. Rafu unaweza kubadilisha. Lakini jina likienda, kastoma hajui akutafute wapi. Kama utakumbuka kitu kimoja tu hapa, kumbuka hicho: jina liwe lako.

Lakini subiri, unahitaji websaiti kweli?

Tuongee ukweli. Kama unapata oda tatu kwa wiki, usikimbie kulipa mtu thao ishirini akujengee websaiti. WhatsApp Business ni ya bure tangu 2018, na ina katalogi ya kuweka picha na bei. Ongeza TikTok na till namba, uko sawa kuanza.

Websaiti inaanza kuwa na maana ukifika hapa: unajibu "bei gani?" mara hamsini kwa siku, oda zinapotea kwa machati, ama kastoma wa nje ya Kenya wanataka kulipa kwa kadi. Sababu nyingine ni usalama. Akaunti ya mtandao wa kijamii inaweza kufungwa ama kuibwa asubuhi moja tu, na kastoma wako wote wakaenda nayo. Domeini yako haina hiyo stori, ukiitunza.

Jina: andikisha mwenyewe

Domeini zote zinazoishia na .ke zinasimamiwa na KeNIC. Huendi kununua kwao moja kwa moja. Unanunua kwa kampuni zilizoidhinishwa, na nyingi ni zilezile zinazouza hostingi. Domeini ya .co.ke huwa karibu thao moja kwa mwaka, kutegemea unanunua wapi. Si pesa nyingi. Shida iko kwa mambo haya:

Moja, iandikishwe kwa jina lako, sio la fundi. Kuna mafundi wanaiandika kwa jina lao, na siku mkikosana, duka linakuwa lao. Mwambie aifungue mbele yako, kwa imeili yako na namba yako ya simu.

Mbili, tumia imeili ambayo hakuna mtu anaweza kukufungia. Usitumie ya chuo wala ya kazini. Mimi ndio ushahidi.

Tatu, weka tarehe ya kulipia upya kwa kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla. Ukiweza, lipia miaka miwili mara moja.

Nne, jina liwe fupi na rahisi kutamka kwa simu. Kama lazima uliandike herufi kwa herufi ndio mtu aelewe, tafuta lingine.

Rafu: ya kukodi ama ya kujijengea?

Hapa kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kukodi kila kitu pamoja: Shopify, Wix na wenzao. Unalipa kila mwezi, wao wanashughulika na seva, usalama na apdeti. Unaburuta picha, unaandika bei, duka liko hewani siku hiyohiyo. Kama huna muda na hutaki kichwa kiume, ni poa.

Lakini angalia hesabu. Bei zao ni za dola. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na baadaye mwaka huohuo ikashuka mpaka karibu 129. Mpango wa dola 30 kwa mwezi ungetoka shilingi 4,800 hadi 3,870, bila wewe kubadilisha kitu. Safari hiyo ilishuka, siku nyingine itapanda. Samli yako unauza kwa shilingi, na shilingi haingoji mtu.

Kitu kingine, Shopify wana mfumo wao wa kupokea malipo, na haufanyi kazi Kenya. Ukitumia wa kampuni nyingine, wao wanakukata asilimia 2 kwa mpango wa Basic, juu ya kile hiyo kampuni nyingine inakata. Dirac ya 3,000, hapo 60 imeenda kabla hujalipa hata begi la kufungia. Wix nao wana mpango wa sare, lakini una tangazo lao, jina lao liko kwa anwani yako, na huwezi kupokea malipo mtandaoni. Ni mzuri wa kujifunzia tu.

Njia ya pili ni kujijengea na WordPress pamoja na plagini ya WooCommerce. Zote mbili ni za bure. WordPress iko tangu 2003, WooCommerce tangu 2011, kwa hivyo mafundi na video za kujifunza ni kibao. Unalipia domeini na hostingi pekee, na kwa shilingi ukinunua hapa Kenya. Hostingi ndogo ni thao chache kwa mwaka mzima. Bei yake ya kweli ni jasho: wewe ndio utafanya apdeti, wewe ndio utaweka bekapu, na ukilala miezi sita bila kuigusa, wahuni wa mtandao wataingia.

Mimi naonaje? Kama mauzo yako bado ni madogo na unajua hata kidogo kucheza na kompyuta, ama una ndugu anayejua, nenda na WooCommerce. Kama mauzo ni mengi na muda ndio huna, kodi. Usichague kwa sababu ya tempuleti nzuri. Kastoma hanunui tempuleti.

Doo zinaingiaje?

Hili ndio swali la kuuliza kabla ya rangi na logo. Hapa kwetu M-Pesa ndio mfuko wa kila mtu, kwa hivyo websaiti isiyokubali M-Pesa ni duka lisilo na mlango.

Njia rahisi kabisa ni kuonyesha till namba, kastoma analipa, halafu wewe unathibitisha. Lakini thibitisha kwa simu yako ama kwa ripoti ya till, sio kwa mesej anayokutumia yeye. Mesej feki za M-Pesa zimelaza watu njaa.

Njia ya pili ni ile mesej inayoruka kwa simu ya kastoma ikimwomba aweke PIN. Hiyo inapitia mfumo wa Safaricom unaoitwa Daraja, na fundi anaweza kuiunganisha na till yako. Ama unapitia kampuni kama Pesapal ama Paystack, zinazochukua M-Pesa na kadi kwa pamoja, halafu zinakata asilimia yao. Kama una kastoma Minneapolis ama London, kadi ina maana. Kama wote wako kati ya Wajir, Garissa na Isli, till inatosha kwa sasa.

Hostingi: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Usiingizwe box na neno "bila kikomo". Uliza hivi:

Mwaka wa pili ni pesa ngapi? Ofa nyingi ni za mwaka wa kwanza tu. Unaingia kwa bei ya jioni, mwaka ukiisha inakuja bili ya asubuhi. Tafuta bei ya kulipia upya, hiyo ndio bei yenyewe.

SSL iko ndani? Hiyo ndio hufanya anwani yako ianze na https. Tangu Let's Encrypt ianze kuitoa bure, hakuna sababu ya duka dogo kuuziwa kivyake.

Bekapu hufanywa kila lini, na kurudisha ni bure? Hata wakisema ndiyo, weka yako pia kwa simu ama flashi.

Mtu hushika simu? Mpigie kabla ya kununua. Kama hashiki ukiwa na pesa mkononi, hatashika ukiwa na shida.

Seva iko wapi? Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukawa konokono Afrika Mashariki nzima. Kitu kilicho kwa seva ya Nairobi hakihitaji kuvuka bahari kumfikia kastoma wa Wajir. Kama wanunuzi wako wengi wako Kenya, uliza kama wana seva hapa.

Jaribu duka lako ukiwa Griftu, sio Kanairo

Duka linalofunguka haraka kwa wifi ya Westlands linaweza kukwama kabisa kwa mtu wa bando la soo akiwa mashinani. Picha moja ya simu inaweza kuwa MB 4. Weka picha 20 hivyo, hiyo ni MB 80 kastoma analipia ndio aone tu dirac. Zipunguze ziwe kama KB 150 kila moja, zote ishirini zinakuwa MB 3. Kuna programu za bure za kufanya hivyo, na macho hayaoni tofauti.

Halafu angalia fomu ya oda. Nyingi zinataka jina la barabara na msimbo wa posta. Griftu nani anajua msimbo wa posta? Kastoma anakwama hapo, anaenda. Toa hizo nafasi. Weka namba ya simu, mji, na "nani atapokea mzigo kwa stegi". Andika pia wazi mzigo unasafiri siku gani, na kwamba mvua ikiharibu barabara utachelewa. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara kule Madogo karibu na Garissa, mizigo ya upande wetu ilikwama. Kastoma akijua mapema, hakutukani.

Na zile namba za simu unazokusanya zilinde. Tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data ya watu, kwa hivyo usizigawe ovyo kwa mtu anayetaka kutangaza bidhaa zake.

Habaryar aliishia wapi?

Alirudi hewani. Safari hii domeini iko kwa jina lake na imeili yake. Pasiwadi ameiandika kwa daftari la madeni, kurasa mbili baada ya jina langu. Tarehe ya kulipa iko kwa simu tatu: yake, yangu, na ya binti yake aliye kidato cha tatu, ambaye sasa ndiye hupunguza picha.

Juzi niliuliza kama ninaweza kuingia nibadilishe rangi kidogo. Akacheka.

"Habaryar, ingia. Lakini funguo ninazo mimi."