Mama Mzazi na Ugonjwa wa Sonona

Akina mama wa usharika wanapomtembelea mzazi hubeba mtori, sabuni na kanga, nao huuliza habari za mtoto. Habari za mama mwenyewe huulizwa mara chache.

Machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua ni ya kawaida, na kwa wengi hukoma ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, pamoja na kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kujilaumu na kutofurahia chochote, huenda ni sonona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wazazi 20 katika kila 100 hupata matatizo ya akili, hasa sonona.

Hulka nayo inachangia. Tafiti zinaonyesha kuwa mwanamke mwenye wasiwasi mwingi tangu zamani, au anayetaka kila jambo liwe bila kasoro, yuko katika hatari zaidi. Hulka hiyo si ugonjwa, wala si upungufu wa imani. Sisi wenyewe tumewahi kumsifu mama kuwa ni mvumilivu, kumbe alikuwa anaumia.

Kliniki nyingi duniani hutumia maswali 10 yaliyoandaliwa Uskochi na kuchapishwa mwaka 1987, yanayohusu siku 7 zilizopita. La mwisho huuliza kama mama amewaza kujidhuru. Akikubali, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na maombi yaendelee njiani. Tunaziomba kamati za sharika zitenge nauli ya safari hiyo mapema.