Monita za Inchi 24 Hazifanani

Katika maduka ya kompyuta ya Kahama na Shinyanga mjini, swali la kwanza la mteja huwa ni inchi ngapi. La pili ni bei, la tatu ni kampuni. Muuzaji huyajibu yote matatu bila kusita, na mteja huondoka na boksi lake akiwa hajauliza mambo mawili yenye uzito zaidi: kioo ni cha aina gani, na kitakaa kwenye mwanga wa namna gani. Monita mbili za inchi 24, zote za nukta 1,920 kwa 1,080, zinaweza kupangwa ubavu kwa ubavu kwenye rafu moja. Moja itamfaa karani wa stesheneri miaka mingi, na hiyohiyo itampotosha kila siku mpiga picha wa mlango wa pili.

Monita za chogo, uzao wa bomba lililobuniwa na Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, zimekwisha kutoweka mezani. Karibu kila monita inayouzwa leo ni ya LCD, na kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe. Nyuma yake kuna taa, na mbele ya taa kuna tabaka la fuwele za kimiminika, maada ya ajabu iliyogunduliwa mwaka 1888 na mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer. Umeme ukizigusa, fuwele hizo hugeuka na kupitisha au kuzuia mwanga, mithili ya luva za dirisha. Vichujio vya rangi nyekundu, kijani na bluu humalizia kazi. Boksi lililoandikwa LED kwa kawaida hubeba LCD ileile. Kilichobadilika ni taa za nyuma tu. Herufi zinazomwambia mnunuzi aina ya kioo ni nyingine: TN, IPS na VA, nazo mara nyingi huandikwa kwa maandishi madogo kwenye orodha ya sifa, au haziandikwi kabisa.

TN ni teknolojia kongwe na ya bei nafuu. Kwa mtu anayechapa barua na mikataba ya viwanja huko Katoro, herufi nyeusi kwenye ukurasa mweupe, inatosha kabisa. Udhaifu wake ni pembe ya kutazamia. Anayekaa mbele ya kioo huona vizuri, ila mteja aliyesimama kando ya meza akitaka kuhakiki tahajia ya jina lake huona maandishi yaliyofifia na rangi zilizogeuka. Katika biashara ambayo kila hati hukaguliwa na mtu aliyesimama, hilo si jambo dogo.

IPS, iliyoingizwa sokoni na Hitachi mwaka 1996, iliundwa kutibu tatizo hilo. Rangi hubaki karibu zilezile hata ukitazama kutoka ubavuni. Mwaka huohuo wa 1996, HP na Microsoft walipendekeza kipimo cha rangi kiitwacho sRGB, ambacho hadi leo picha nyingi za intaneti hukifuata. Mhariri wa picha za harusi atafute monita ya IPS inayofikia takriban asilimia 99 ya sRGB. Akitumia kioo chenye rangi chache, picha itamjia imepauka. Ataongeza rangi mpaka imridhishe, kisha aichapishe na kukuta uso wa bibi harusi umekuwa mwekundu kuliko alivyo. Karatasi na wino vimeshakwenda, wakati picha yenyewe haikuwa na kasoro.

VA inasifika kwa weusi wake. Tofauti kati ya nyeupe na nyeusi kwenye IPS ya kawaida ni kama 1,000 kwa 1. Kwenye VA hufika 3,000 kwa 1 na kuzidi. Mtu anayetazama filamu usiku, taa zikiwa zimezimwa, ataiona tofauti hiyo mara moja. Lakini dukani, mlango ukiwa wazi na mwanga wa nje ukigonga kioo, weusi wote hugeuka kijivu, na pesa iliyolipiwa sifa hiyo imekwenda bure.

Mwanga, kwa hiyo, ni nusu ya ununuzi. Shinyanga iko chini ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na vyumba vingi vya biashara vina mlango mpana unaotazama barabara. Monita nyingi za ofisini hutoa mwanga wa kandela 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Hiyo inatosha ndani ya chumba, haitoshi kushindana na uakisi wa barabara yenye jua. Kioo kisichometa hupunguza tatizo. Kuigeuza meza ili monita iupe mlango ubavu, isiutazame wala isiupe mgongo, hupunguza zaidi, na hakuna gharama.

Kwenye ofisi za migodi hesabu hubadilika. Bulyanhulu, wilayani Msalala, ni mgodi wa chini ya ardhi unaofuata mikanda myembamba ya mwamba wenye dhahabu. Wanajiolojia wa migodi ya namna hiyo huijenga miamba hiyo kwenye kompyuta kwa sura tatu, huku kila kiwango cha dhahabu kikipewa rangi yake. Anayefanya kazi hiyo anahitaji rangi zisizoyumba na nafasi ya kutosha. Monita ya inchi 27 yenye nukta 2,560 kwa 1,440 ina jumla ya nukta 3,686,400, wakati ile ya 1,920 kwa 1,080 ina 2,073,600. Hapo ndipo wanunuzi wengi hujikwaa: wanachukua inchi 27 yenye nukta zilezile za inchi 24. Kioo kimekua, nukta hazijaongezeka. Zinashuka kutoka takriban 92 hadi 82 kwa kila inchi, na herufi zinaonekana na chenga.

OLED ni ukoo mwingine. Kila nukta yake hujiwakia yenyewe, matunda ya kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak iliyochapishwa mwaka 1987. Nukta ikizimwa, ni giza kamili. Tatizo lake ni picha isiyosogea. Mgodi wa Kibali, kaskazini-mashariki mwa Kongo, huendesha mashine za kupakia mawe chini ya ardhi kutoka chumba kilicho juu, na vyumba vya namna hiyo huwa na skrini zinazoonyesha mpangilio uleule saa nenda rudi. OLED ikionyesha mstari mmoja namna hiyo kwa miezi, alama yake hubaki kwenye kioo. Ubao wa bei katika soko la dhahabu kama lile la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, ungeteseka vivyo hivyo. LCD ni salama zaidi kwa kazi hiyo.

Kuna kazi moja ambayo monita ya dukani haipaswi kupewa kabisa: kusoma picha za eksirei. Vumbi la mwamba husababisha ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, na silikosisi humweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Dalili za mwanzo ni vivuli hafifu sana, na monita za wataalamu wa mionzi husawazishwa kwa kiwango maalumu cha DICOM ili vivuli hivyo visipotee.

Kwa upande wa umeme habari ni njema. Monita ya LED ya inchi 24 hutumia takriban wati 20, wakati ya chogo ya inchi 17 ilikula 70 au zaidi. Kwa anayetegemea sola, au UPS pale umeme unapokatika, hiyo ni tofauti ya kumaliza kazi au kuipoteza.

Waya nao usisahauliwe. Kompyuta nyingi za mtumba za Dell OptiPlex na HP EliteDesk zina tundu la VGA, la tangu mwaka 1987, na la DisplayPort, ila hazina HDMI. Kibadilishi cha bei nafuu huitoa picha kwenye DisplayPort ya kompyuta na kuiingiza kwenye HDMI ya monita. Kinyume chake hakifanyi kazi, hata kama ncha zote zinaingia.

Anayenunua monita ya mtumba aiwashe kwa nusu saa kabla ya kulipa, kwa kuwa taa dhaifu na saketi chovu hujionyesha zikishapata moto. Ajaze kioo chote rangi nyeupe, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, akitafuta nukta zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni. Kisha aitazame kutoka ubavuni na kutoka chini. Mwisho asome kibandiko cha nyuma: kina namba kamili ya modeli, na akiiandika kwenye intaneti palepale dukani atajua kama ni TN, IPS au VA, hata kama muuzaji mwenyewe hana hakika.