Mchanga wa barafu ya kaskazini na siku Ziwa Victoria lilipokauka

MVUA inaponyesha Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira, maji mekundu huteremka kutoka mashamba ya majani chai hadi vijitoni, na safari yake huishia Ziwa Victoria. Udongo yanaoubeba hutulia chini ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari lisilofungwa.

Daftari hilo lina ukurasa mmoja wa kutisha. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, ziwa hilo lilikauka, na wataalamu wengine hushikilia kwamba lilikauka mara mbili.

Ushahidi wake uliletwa wazi mwaka wa 1996 na kundi la watafiti lililoongozwa na Thomas Johnson wa Marekani. Walipopeleka mawimbi ya sauti chini ya ziwa na kuchimbua matope kwa mabomba marefu, walikuta chini ya tope laini tabaka gumu la udongo, lenye alama za mizizi ya mimea. Tabaka hilo lilifika hata mahali penye kina kirefu zaidi, ambapo leo maji yanakaribia mita 80. Mimea ya nchi kavu haioti chini ya maji. Kwa hiyo palikuwa mbuga.

Ni nini kilichozuia mvua kwa karne nyingi namna hiyo? Sehemu ya jibu imetoka mbali mno, katika matope ya bahari zilizo jirani na ncha ya kaskazini ya dunia.

Mkazi yeyote wa Kisii ataelewa njia inayotumiwa huko. Ukiona kinyago cha mawe laini kikiuzwa Mombasa, huhitaji kumwuliza mchuuzi jiwe lilikotoka. Rangi na ulaini wake vyatosha kukuambia ni la Tabaka. Jiwe halikutembea, kuna aliyelibeba.

Vivyo hivyo, katikati ya bahari kuu mikondo ya sakafuni ni dhaifu, nayo huweza kubeba tope jepesi tu. Mtafiti akikuta kokoto humo, hana budi kuuliza zimefikaje. Mchukuzi ni barafu. Theluji iliyorundikana nchi kavu hugeuka barafu nzito, ikakwangua miamba ikiteremka, kisha ikamegeka baharini. Vipande hivyo huelea kama milima, na vinapoyeyuka hudondosha mzigo wake.

Madini ya mzigo huo ndiyo anwani ya mtumaji. Chembe za dolomaiti zinazopatikana katika Bahari ya Aktiki aghalabu hunasibishwa na visiwa vya kaskazini mwa Kanada, kikiwemo kile kiitwacho Victoria. (Malkia huyo wa Uingereza aliachiwa jina kila mahali.) Udongo wa mfinyanzi wa aina ya smektaiti kwa kiasi kikubwa hutoka upande wa Siberia, kwenye miamba ya volkano. Dennis Darby, mtafiti wa Marekani, alikwenda mbali zaidi: alipima kemia ya chembe moja moja za oksidi ya chuma na kuzilinganisha na za pwani mbalimbali. Kwa kujua ni tabaka lipi lina madini ya wapi, wanasayansi huweza kusema ni barafu ya nchi gani iliyokuwa ikivunjika, na lini.

Mwaka wa 1988, Mjerumani Hartmut Heinrich alieleza matabaka kadhaa ya mchanga wa aina hiyo katika Atlantiki ya Kaskazini. Chembe za chokaa na dolomaiti zilizomo ziliwaelekeza watafiti kwenye mlangobahari wa Hudson, nchini Kanada. Tabaka mojawapo lina umri wa kati ya miaka 17,000 na 16,000 hivi.

Hapo ndipo hesabu mbili zilipokutana. Mwaka wa 2011, Curt Stager na wenzake walionyesha kwamba ukame mkali uliikumba Afrika na Asia ya kusini wakati ule ule. Maelezo yao hayana uchawi. Barafu iliyoyeyuka ilifunika bahari kwa maji yasiyo na chumvi, ikadhoofisha mkondo unaopeleka joto kaskazini, na pepo za mvua za nchi zetu zikapungukiwa nguvu. Bado wataalamu wanabishana kuhusu njia hasa iliyounganisha mambo haya, na si ajabu, kwani miaka ya matope haipimwi kwa kalenda ya ukutani.

Ziwa lenyewe ni jepesi kuathirika kuliko linavyoonekana. Takriban asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mengi hurudi hewani kwa jua. Mito kama Sondu huongeza sehemu ndogo tu. Mvua ikizidi, kama ilivyokuwa kabla ya mafuriko ya 2020, ufuo humezwa. Ikipungua kwa karne kadhaa, hubaki nyasi.

Mkondo huo wa Atlantiki haujaachwa bila mlinzi. Tangu mwaka wa 2004, vyombo vilivyotegwa baharini kati ya Bahamas na pwani ya Afrika vimekuwa vikiupima nguvu.