Wiski Inayopinda

Katika vipindi vya mwanzo vya The Expanse, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2015, mpelelezi Miller anajimiminia kinywaji akiwa kwenye sayari kibete ya Ceres. Chupa ameishika kando kidogo ya glasi. Mchirizi hauanguki wima. Unajikunja hewani, kisha unatua ndani ya glasi bila tone kumwagika. Ni sekunde chache tu, na anayetazama mara ya kwanza, akili yake iko kwenye msichana aliyepotea ambaye Miller anamtafuta, haoni kitu. Anayeirudia ndiye anayesimamisha picha na kuuliza: kinywaji kingepinda kweli?

Tamthilia hii inastahili kuulizwa hivyo. Mtayarishaji wake mkuu, Naren Shankar, ana shahada ya uzamivu katika fizikia.

Katika hadithi, wahandisi wameizungusha Ceres, iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, mpaka wakazi wa mapangoni mwake wakapata asilimia 30 hivi ya uzito ambao wangekuwa nao duniani. Wengi huuita mvutano bandia, jina baya, maana hakuna kinachovuta: ni sakafu inayomsukuma mtu kumrudisha ndani kila anapotaka kwenda zake moja kwa moja. Uzito wa mzunguko ni jina la haki zaidi.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Chukua pembea la kuzunguka, lile linalofungwa viwanjani siku za Idi. Mtoto mmoja yuko karibu na mlingoti wa katikati, mwenzake yuko ukingoni. Wote wanamaliza mzunguko kwa wakati mmoja, lakini wa ukingoni ana njia ndefu, hivyo anakwenda kasi zaidi. Wa katikati akimrushia mwenzake chungwa, chungwa linaondoka na mwendo wa mrushaji, ule wa polepole. Likifika ukingoni, mwenzake keshapelekwa mbele, nalo linapita nyuma yake. Watoto wote wawili wataapa kwamba limepinda. Mama yao aliyesimama nje ya pembea ameliona likinyooka. Miller naye amepanda pembea hilohilo: sakafu ndiyo ukingo, juu ya dari ndiko kwenye mlingoti, na chupa iko karibu na mlingoti kuliko glasi. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliziandika hesabu za kupinda huku mwaka 1835, akichunguza mashine zinazozunguka kama magurudumu ya maji.

Kupinda, basi, kupo. Kilichokosewa ni kipimo.

Kutoka katikati ya Ceres hadi juu ni kilomita 470 hivi. Kwa ukubwa huo, uzito wa asilimia 30 unahitaji mzunguko mmoja kila dakika 40. Sakafu inakimbia zaidi ya kilomita 1 kwa sekunde, lakini chupa iliyoinuliwa sentimita 20 juu ya glasi inaachwa nyuma kwa nusu milimita tu kwa sekunde. Kinywaji kinafika chini kabla hata nusu sekunde haijaisha. Kitakuwa kimepinda kiasi cha unene wa unywele! Vyumba vikichimbwa kilomita kadhaa ndani, hesabu haibadiliki. Kwa mpindo ule wa kwenye kioo, Miller angepaswa kuishi katika gurudumu dogo: lenye nusu kipenyo cha mita 5, likizunguka kila sekunde 8, kinywaji hichohicho kingekwenda kando sentimita 4.

Ceres yenyewe isingestahimili mzunguko wa dakika 40. Mvutano wake ni asilimia 3 tu ya ule wa Dunia, ilhali mzunguko huo ungeisukuma miamba nje kwa nguvu mara kumi zaidi. Miamba na barafu vingepasuka na kutawanyika. Leo inazunguka mara moja kila saa 9, na chombo cha NASA cha Dawn, kilichofika huko Machi 2015, kilionyesha kwamba barafu imo kwa wingi.

Meli za angani za tamthilia hii ndizo zilizopatiwa. Mojawapo, Canterbury, inachochea injini, sakafu inawasukuma mabaharia kutoka chini, na ikitaka kupunguza mwendo inageuka nzima nzima na kuielekeza injini inakokwenda. Hapazunguki kitu. Humo, injini ikiwaka, mtu akimimina kinywaji kitashuka wima, na ndivyo kinavyopaswa.