Kazi Hulala Kati ya Fundi na Fundi

Karakana ya samani yenye watu tisa haina idara ya mipango. Ina mwenye mali, mafundi seremala wanne, fundi rangi, fundi wa makochi, kijana wa kupiga msasa, na dada anayeshika fedha na daftari. Ukipita Keko, Dar es Salaam, utaziona za namna hiyo zimepangana kando ya barabara, vitanda na makabati nje, vumbi la mbao ndani. Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 kuhusu viwanda vidogo na biashara ndogo inaihesabu karakana hii kuwa biashara ndogo, kundi linaloanzia watu 5 hadi 49. Mtajie mwenye mali habari ya kuwa na msimamizi wa mchakato, atacheka. Watu tisa tu, wote anawaona kwa macho yake, asimamiwe nani tena?

Watu anawaona, ni kweli. Kitanda ndicho asichokiona. Kifuate kimoja tangu siku mteja alipotoa advansi. Vipimo viliandikwa nyuma ya risiti, picha ikatumwa WhatsApp, rangi ikaelezwa kwa mdomo. Mbao zilikuwepo, lakini fundi hakuanza kwa sababu hakujua kama kichwa cha kitanda ni cha kuchonga au cha sponji, na mwenye mali alikuwa safarini. Alipoanza, alikata na kuunganisha kwa siku tatu. Kisha fremu ikaegemezwa ukutani wiki nzima. Fundi rangi alikuwa anasubiri vanishi, vanishi inasubiri fedha, fedha inasubiri mwenye mali apokee simu. Jumlisha saa ambazo mkono wa mtu ulikuwa juu ya mbao, hazifiki siku tano za kazi. Mteja kasubiri mwezi.

Hapo ndipo ilipo kazi ya msimamizi wa mchakato. Fundi ana bosi tayari, na ufundi wake haumhitaji mwalimu. Nafasi iliyopo kati ya fundi mmoja na mwingine ndiyo isiyo na mwenyewe, na kazi ikifika hapo hulala. Msimamizi huyu huishika nafasi hiyo. Anajua kila oda iko wapi leo, inasubiri nini, na nani wa kuisukuma.

Namna ya kuanza ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza kujifunza uashi mwaka 1885, aligundua kwamba waashi waliokuwa wakimfundisha hawafanani: kila mmoja ana mijongeo yake ya kulaza tofali moja. Akaipunguza mijongeo hiyo kutoka 18 hadi 5. Baadaye, mwaka 1921, yeye na mkewe Lillian waliwaonyesha wahandisi wa mitambo wa nchi yao jinsi ya kuchora safari ya kazi kwenye karatasi, hatua kwa hatua, pamoja na pale inapohamishwa na pale inaposubiri. Kwa karakana ya watu tisa, sehemu hii ya pili ina faida kubwa kuliko ile ya mijongeo. Chukua daftari la kawaida, chagua oda moja, andika kila siku iko wapi na kwa nini. Ukifuata oda tano hivi, mahali pa kulala kazi hapahitaji mtaalamu wa kupatafuta.

Kinachofuata ni hesabu, tena nyepesi. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alitoa uthibitisho wa kanuni inayobeba jina lake: idadi ya kazi zilizo ndani ni sawa na kasi ya kuingia na kutoka ikizidishwa na muda ambao kazi moja hukaa. Tuseme karakana inamaliza vitanda 3 kwa wiki, na ukihesabu vilivyokwisha kuanzwa unakuta 12. Basi kitanda cha wastani kinakaa wiki 4, utake usitake. Ukihakikisha vilivyoanzwa havizidi 6, na karakana ikaendelea kumaliza vitatu kwa wiki, kila kimoja kitatoka kwa wiki 2. Hakuna aliyekimbizwa wala mashine mpya iliyonunuliwa.

Mwenye mali akisikia hivyo hukataa, na kukataa kwake kuna sababu ambayo vitabu vya utawala huipita haraka. Anaanza kila oda mara moja ili mteja akija kukagua aone mbao zake zimekatwa. Zaidi ya hayo, advansi ya mteja wa leo ndiyo inayonunua vanishi ya kitanda cha mteja wa mwezi uliopita. Akiacha kupokea oda mpya, ya zamani haimaliziki; akiendelea kupokea, foleni inarefuka. Nimeona biashara zenye mafundi hodari zikizunguka katika duara hili miaka, na zikilaumu wateja kwa kukosa subira.

Duara hilo halivunjwi kwa hotuba. Msimamizi huanza na bahasha, au ukurasa wake kwenye daftari, kwa kila oda: advansi iliyoingia, vifaa vilivyonunuliwa kwa oda hiyo, na salio. Fedha ya oda moja haiingii kwenye nyingine bila mwenye mali kutia sahihi. Wiki za mwanzo sahihi zitakuwa nyingi, na ndiyo faida yake, maana deni lililokuwa limefichika sasa linasomeka. Wakati huohuo zinaondolewa kwanza oda zilizokaribia kwisha, zile zinazodai bawaba tu au mkono wa mwisho wa vanishi, kwa sababu ndizo zinazorudisha fedha upesi. Oda mpya inapokewa kama kawaida, ila mteja anapewa tarehe ya kuanza na ya kuchukua, na mbao zake haziguswi kabla ya siku yake. Wateja wengi huvumilia foleni wanayoelezwa kuliko ahadi ya "njoo Ijumaa".

Sasa tuje kwenye jambo gumu kuliko yote, nalo ni mwenye mali mwenyewe. Katika biashara nyingi ndogo nilizopitia kikazi, kizuizi kikubwa si mashine ya kuranda wala umeme kukatika. Ni maamuzi yote kupita kwenye simu moja. Bei ni yeye, rangi ni yeye, gundi ya elfu kumi na tano ni yeye. Msimamizi asiyeruhusiwa kuamua chochote atakuwa karani wa kupiga simu zilezile. Apewe kiwango cha fedha anachoweza kutumia kwa vifaa bila kuuliza, na apewe neno la mwisho juu ya kipi kianze na kipi kisubiri. Hapa wengi hushindwa. Mwenye mali hukubali asubuhi, kisha jioni rafiki yake anapiga simu, na kabati la rafiki linarukishwa mbele ya foleni.

Nani anafaa kwa kazi hii? Mazoea ni kumpandisha fundi bora. Mimi sipendi hilo. Unapoteza mkono bora karakanani, na yeye akiona kazi imekwama atavua shati aimalize mwenyewe badala ya kuuliza kwa nini ilikwama. Mpwa wa bosi aliyemaliza chuo naye mara nyingi huanza na kompyuta kabla hajaijua mbao. Kwa kawaida mtu mwenyewe yupo tayari: ni yule dada wa daftari, ambaye wateja humpigia wakitaka kujua ukweli na mafundi humwambia kilichopungua. Mpunguzie kazi nyingine, mpe nusu siku na mamlaka, mwongezee mshahara kidogo. Fedha ya kila oda ikaguliwe na mwenye mali kila wiki, kwa sababu si salama mtu mmoja kupokea, kutumia na kuandika bila jicho la pili.

Ubora nao huingia mkononi mwa msimamizi, kwa mlango wa nyuma. Mbao mbichi ikiunganishwa hukaukia ndani ya nyumba ya mteja, ikapinda, viungo vikaachia. Kuikataa mlangoni ni neno moja kwa muuzaji. Kuigundua baada ya vanishi ni kubomoa. Kila oda iwe na karatasi yake yenye vipimo, aina ya mbao, rangi na mchoro, itembee na kazi kutoka fundi hadi fundi, na anayepokea asipokee pungufu. Sauti za WhatsApp zisigeuzwe kumbukumbu za karakana. Hakuna fundi atakayesikiliza dakika nne akitafuta upana wa droo.

Tanzania si mgeni wa mambo haya. Mbinu za Kijapani za kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo, zimekuwa zikifundishwa viwandani na hospitalini kwa msaada wa shirika la Japani la JICA. Palipokosekana mtu wa kuzishikilia kila siku, zilibaki mabango ukutani.

Linabaki swali la mshahara utatoka wapi. Kama kila kitanda kilichoanzwa kimemeza vifaa vya shilingi 250,000, vitanda 12 ni milioni 3 zimeegemezwa ukutani. Vikiwa 6, milioni moja na nusu imerudi. Lakini hiyo hurudi mara moja tu, wala haifai kulipia mshahara wa kudumu. Mshahara utafutwe kwenye kazi zisizorudiwa, mbao zisizokatwa kwa kipimo kibaya, na oda zisizofutwa na wateja waliochoka, na kila moja ya hizo ihesabiwe miezi mitatu kabla ya kumweka mtu na miezi mitatu baada ya hapo. Biashara ya watu watatu haimhitaji msimamizi huyu. Hapo mwenye mali aliyeshika randa huona kila kitu. Dalili ya kwamba wakati umefika ni siku mteja anapouliza kitanda chake kiko wapi, na mtu wa karakanani inambidi awaulize wengine wawili kabla ya kumjibu.