Kuijanibisha tovuti si kubadilisha maneno tu

"Profesa, si ni kutafsiri maneno tu?" Hivyo ndivyo alivyoniuliza mwanafunzi mmoja juzi tulipokuwa tukijadili ujanibishaji wa tovuti. Nikamwambia: hebu chukua fomu ya usajili iliyoundwa Ulaya, uitafsiri kwa Kiajemi neno kwa neno, kisha umpe mtu wa Shiraz aliyezaliwa tarehe 31 mwezi wa pili. Programu itamkatalia, iseme hakuna tarehe kama hiyo. Kumbe ipo!

Tangu 1925, kalenda rasmi ya Iran hufuata jua, ingawa miaka yake huhesabiwa tangu Hijra. Mwaka huanza mwezi Machi, usiku na mchana unapolingana. Ndiyo Nairuzi, neno ambalo watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa. Miezi 6 ya kwanza ina siku 31, mitano inayofuata siku 30, na wa mwisho siku 29, au 30 mwaka ukiwa mrefu. Tarehe 21 Machi 2025 ilikuwa 1 Farvardin 1404, na mwezi huo ukaenda hadi 20 Aprili. Kwa hivyo anayebandika jina Farvardin juu ya Machi anapotosha. Makala zilizopangwa kimwezi zitavurugika. Aghalabu waundaji makini huiacha tarehe ihifadhiwe ndani ya tarakilishi kama hesabu ya sekunde tangu 1 Januari 1970, wakaigeuza tu inapoonyeshwa au kupokewa.

Maandishi nayo yana vituko vyake. Kiajemi huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, ilhali tarakimu zake husomwa kushoto kwenda kulia. Ukurasa usipoelezwa mwelekeo wake, nukta ya mwisho wa sentensi hurukia upande usio wake. Menyu huhamia kulia. Mshale wa "endelea" hutazama kushoto. Nambari ya simu, hata hivyo, haigeuzwi.

Linalowahangaisha wengi ni herufi ye. Ye ya Kiarabu na ya Kiajemi, zikiwa katikati ya neno, ni shilingi kwa ya pili machoni petu, lakini tarakilishi imezipa nambari mbili tofauti. Mtu akitafuta neno kwa kibodi ya Kiarabu, anaambiwa halipo, nalo liko pale pale! Dawa ni programu kuzisawazisha herufi hizo kabla ya kutafuta.

Nani atasema hayatuhusu? Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya Kilatini kushika hatamu, na miswada hiyo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London. Baadhi ya waandishi waliazima pe na che za Kiajemi ili kupata sauti ambazo Kiarabu hakina. Tutakapoiweka miswada hiyo mtandaoni kwa hati zake asilia, programu isiyozitambua herufi hizo itamwambia mjukuu wa mshairi kwamba utenzi wa babu yake haupo.