Punda na Mwendeshaji Wake Katika Jua la Kariandusi

Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua ya masika, mikokoteni ya punda huwa mingi kwenye barabara za vumbi za Kariandusi. Ziwa Elmenteita liko karibu, lakini maji yake ni ya magadi na hayanyweki, kwa hivyo maji ya nyumbani hufuatwa kwingine. Wakati punda anapohitajika zaidi ndio pia wakati jua linapochoma zaidi.

Wakazi wengi hawaihisi hatari hiyo kwa sababu ya upepo. Bonde hili liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huwa na baridi. Lakini ikifika saa sita jua huwa la utosini, na upepo hukausha jasho kabla halijaonekana. Punda anayeonekana mkavu huenda amekwisha kupoteza maji mengi. Alama inayobaki ni chumvi nyeupe pembeni mwa matandiko, ambayo hapa Kariandusi ni rahisi kuidhania vumbi la mgodi wa dayatomaiti.

Punda huvumilia na kunyamaza. Joto lake la kawaida ni takriban nyuzi 37. Likipita 40, yumo hatarini. Kabla ya hapo atahema haraka huku pua zimepanuka, atainamisha kichwa, atajikwaa au kukataa kwenda. Huyo si mkaidi, na fimbo haitamsaidia.

Afunguliwe mkokoteni mara moja, apelekwe kivulini na kumwagiwa maji mwili mzima, tena na tena. Ipo imani ya zamani kwamba maji baridi humuua mnyama aliyepata joto. Utafiti uliofanywa kwa farasi kabla ya Olimpiki za Atlanta za mwaka 1996 ulionyesha kwamba maji baridi huwapoza salama. Gunia lililoloweshwa lisiachwe mgongoni, kwani hupata joto upesi na kulizuia lisitoke mwilini. Apewe maji ya kunywa kidogo kidogo, na daktari wa mifugo aitwe.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Safari zianze alfajiri, zisimame saa nne asubuhi, na zirejelewe saa kumi jioni. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, kwa hivyo mitungi kumi ni kilo 200 kabla ya kuhesabu mkokoteni wenyewe. Siku ya joto punda anayefanya kazi huhitaji kati ya lita 15 na 25. Katika mitungi anayovuta, mmoja ni wake.

Mwendeshaji naye avae kofia pana, abebe maji yake na ashuke kwenye mlima. Akipata kizunguzungu au kichefuchefu, apumzike kivulini. Wapanda farasi wa Gilgil wafuate saa hizo hizo, wala wasivue helmeti kwa sababu ya joto.

Chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, kumtwika mnyama mzigo kupita kiasi au kumnyima maji ni kosa. Huduma za mifugo ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Wenye punda waliodhoofika wawasiliane na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ya Gilgil.